Kilikuwepo au Hakikuwepo?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mvulana wa kidato cha tatu aliyeitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi wa pale walipenda kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakakoroga, wakaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Tabu ilikuwa nafasi, kwa sababu friza haikutosha wote. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha kabisa, mradi awahi. Mpemba akaona kwamba akingoja ya kwake yapoe, nafasi itachukuliwa. Akayabeba vilevile ya moto, akayasukuma ndani ya friza.

Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji. Ya Mpemba yalikuwa yameganda.

Akamwendea mwalimu wa fizikia, akamuuliza inakuwaje maziwa ya moto yagande kabla ya yale ya baridi. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika sekondari ya juu Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii aliambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaidaka kauli ile, wakawa wanamtania nayo kila alipokosea hesabu. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima, akauliza swali lilelile. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wake wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akaleta jibu kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo jambo lile linaitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kama hutokea kila mara na kwa sababu gani, na mabishano hayo yenyewe yanaonyesha uzito wa swali la yule mwanafunzi.

Haya, wanangu, sasa ni zamu yenu. Mkiambiwa msimulie kwa Kiingereza alichofanya Mpemba, mtatumia kitenzi gani, discover au invent?

Nawauliza kwa sababu najua mahali mguu unapoteleza. Sisi tuna neno moja kubwa, kuvumbua, nalo tunalitumia kwa yote mawili. Tunasema Fulani alivumbua simu, na hapohapo tunasema Vasco da Gama alivumbua njia ya bahari ya kwenda India. Simu haikuwepo, ikaundwa. Bahari ilikuwepo tangu zamani, na wenyeji walikuwa wakiivuka kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla Mreno yule hajazaliwa. Kwa hiyo mtoto anapohamia kwenye Kiingereza akiwa na kuvumbua peke yake kichwani, huchukua kitenzi chochote kitakachotangulia, na mara nyingi huwa invent.

Lakini hatukupungukiwa na maneno. Tunalo kugundua, ambalo ndilo discover, na tunalo kubuni, ambalo ndilo invent. Swali la kuyatenganisha ni moja tu: kabla ya mtu huyu, kitu hiki kilikuwepo? Kama kilikuwepo, hata kama hakuna aliyekijua, amekigundua. Kama hakikuwepo, naye ndiye aliyefanya kiwepo, amekibuni. Mpemba hakuyafanya maji ya moto yawe na tabia ile. Aliikuta. Aligundua.

Kiingereza chenyewe kinatoa dokezo. Ndani ya discover mna neno cover, yaani kufunika, na kile kiambishi cha mbele kinaliondoa. Kugundua ni kufunua. Mama akifunua sufuria, wali mnaouona si yeye aliyeuumba kwa kuinua mfuniko. Ulikuwemo ukiiva, na mvuke ukitoka pembeni kuwapa habari.

Sasa tujaribu swali letu kwenye lile ambalo watoto huniuliza mara nyingi kuliko yote: nani alivumbua umeme? Kwa kubuni, hakuna aliyeubuni. Radi ilipiga kabla hapajawa na binadamu, na Wamisri wa kale walimjua kambare wa Mto Nile anayempiga mtu shoti akishikwa. Umeme uligunduliwa kidogo kidogo, na watu wengi, kwa miaka mingi. Lakini betri? Betri ilibuniwa. Alessandro Volta wa Italia alipanga visahani vya shaba au fedha na vya zinki kwa zamu, akaweka katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akautangazia ulimwengu rundo lile linalotoa umeme mfululizo. Mwaka 1831 Michael Faraday, Mwingereza, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita ndani ya waya. Sheria hiyo hakuitunga yeye, aliikuta. Mashine zilizojengwa baadaye juu ya sheria hiyo, zile zinazozungushwa na maji ya Mtera na Kidatu, hizo zilibuniwa. Mnaona jinsi vitenzi hivi viwili vinavyopokezana. Mmoja anagundua, mwingine anabuni kwa kile kilichogunduliwa, na kile kilichobuniwa kinamwezesha wa tatu kugundua tena.

Hakuna kisa kinachoonyesha upokezano huo vizuri kama cha penisilini. Naomba tukae nacho kidogo, maana wengi hukisimulia nusu.

Septemba 1928 Alexander Fleming, daktari katika Hospitali ya St Mary's, London, alirudi kutoka likizoni. Mezani kulikuwa na visahani alivyokuwa ameoteshea vijidudu vinavyosababisha majipu na vidonda vya usaha. Kisahani kimoja kilikuwa kimeota ukungu, kama ule mnaouona kwenye mkate uliolala siku nyingi. Mtu mwingine angekitupa. Fleming aliangalia vizuri akaona kuwa kuzunguka ule ukungu vijidudu vimekufa, pamebaki uwazi. Ukungu ulikuwa unatoa kitu kinachoviua. Akakiita penisilini. Alikibuni? Hapana. Ukungu ule ulikuwa ukifanya kazi yake hiyo tangu enzi na enzi, na hakuna aliyeutambua. Fleming aligundua.

Lakini ugunduzi wake haukumponya mgonjwa aliyekuwa mahututi. Penisilini ilitoka kidogo sana, tena iliharibika upesi, na Fleming hakuweza kuichuja ikawa safi. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Ndipo katika Chuo Kikuu cha Oxford wakaingia Howard Florey, Ernst Chain na kijana mmoja fundi wa mikono, Norman Heatley. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, vifaa hakuna. Heatley akaotesha ukungu katika vyombo vya haja vya wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani, akatumia madebe ya maziwa na beseni kubwa la kuogea, akaunganisha mirija na chupa, akatunga njia ya kuihamisha penisilini kutoka kwenye kimiminika kimoja hadi kingine bila kuiharibu. Alipoona vile vyombo vya haja vinafaa kuliko vingine, alichora umbo linalokaribiana navyo akaagiza vifinyangwe vipya. Njia hiyo haikuwepo mahali popote duniani ikingoja kufunuliwa. Huyo alibuni.

Tarehe 25 Mei 1940 waliwapa panya 8 vijidudu vya kuua. Panya 4 wakapewa penisilini, 4 hawakupewa. Heatley alikesha maabara akiwatazama. Kabla ya alfajiri wale 4 wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa walikuwa hai. Mwaka uliofuata wakamjaribia askari polisi, Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yamemla uso mpaka akapoteza jicho. Siku chache akaanza kupata nafuu. Kisha dawa ikawaishia. Walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini iliyotoka nao, wakamchoma tena, lakini haikutosha, akafariki. Hapo ndipo ninapotaka mpaone vizuri. Jambo lilikuwa limegunduliwa tangu 1928 na askari yule alikufa 1941, si kwa sababu ugunduzi ulikuwa wa uongo, bali kwa sababu ubunifu wa kuitengeneza dawa kwa wingi ulikuwa bado njiani.

Mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley hakuwemo. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na linatokana na tabia yetu ya kumsifu zaidi anayeona kitu kuliko anayehangaika mpaka kifanye kazi.

Nimewaambia kuwa vitenzi hivi viko mbali. Sasa niwaambie jambo litakalowashangaza: zamani vilikuwa jirani. Invent imetoka kwenye Kilatini, na katika Kilatini maana yake ilikuwa kufika mahali ukakuta kitu, yaani kupata, kukuta. Wakristo wa Magharibi kwa karne nyingi waliadhimisha tarehe 3 Mei sikukuu ambayo jina lake, kwa Kilatini na kwa Kiingereza, lilitumia neno hili hili kuhusu Msalaba. Anayejua Kiingereza cha leo tu angedhani wanasherehekea mtu aliyebuni msalaba. Kumbe walikumbuka masimulizi ya Helena, mama yake Mfalme Konstantino, kuukuta msalaba Yerusalemu. Na mtu akifariki, mahakama ikamtaka msimamizi wa mirathi alete inventori, inataka orodha ya mali iliyokutwa. Hakuna anayemwomba abuni mali! Neno lilihama taratibu, kutoka kukuta kitu nje mpaka kukuta wazo kichwani, na kutoka hapo likawa kuunda kisichokuwepo.

Hata Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, inapozungumzia haki za watu wenye vipaji vya kuunda vitu, inavitaja walivyoviunda kwa neno la ugunduzi. Waandishi wale hawakukosea. Mpaka kati ya maneno haya ulikuwa haujachorwa kwa wino mzito kama leo.

Invent ina sura moja zaidi, na mkiijua mtakipenda Kiswahili chenu. Mtoto akichelewa shule akasema daraja lilikatika, na daraja lipo zima, Mwingereza husema ame-invent sababu. Yaani ameitunga, ameizua. Sisi tunasemaje? Hadithi ya kubuni. Sababu ya kubuni. Neno tunalompa aliyeunda betri ndilo tunalompa anayetunga riwaya na anayetunga uongo, kwa sababu wote watatu wametoa kitu ambacho hakikuwepo. Lugha mbili zilizokulia mbali hivyo, na zikaona jambo lilelile! Kugundua hakuna sura hiyo. Huwezi kugundua uongo wako mwenyewe. Unaweza kugundua uongo wa mwenzako, maana ulikuwepo akiuficha.

Kwa sababu hiyo, mnapoandika Kiingereza, angalieni kinachofuata baada ya kitenzi. Discover hupenda kufuatwa na habari nzima: aligundua kwamba pesa zake hazipo, aligundua kwamba mlango uko wazi. Invent haikubali hivyo. Hubuniwa kitu, au mchezo, au njia, au kisingizio. Haibuniwi habari kwamba mlango uko wazi. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo mwizi wa watu alikuwa "amebuniwa" na majirani kwa Kiingereza. Ukiisoma sentensi hiyo kama ilivyo, maana yake ni kwamba mwizi hakuwahi kuwepo, majirani wamemtunga!

Msidhani haya ni mambo ya daftari tu. Mwaka 2013 majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikaa kuamua kati ya vitenzi hivi, na nyuma ya uamuzi wao kulikuwa na uhai wa wanawake wengi.

Kisa kilikuwa hivi. Serikali humpa mtu aliyebuni kitu hati inayoitwa hataza. Kwa hati hiyo, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka 20, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza au kukiuza bila idhini yake. Ni malipo ya jasho lake. Lakini hataza ni ya ubunifu. Ukigundua mlima, hupewi mlima. Kampuni ya Myriad Genetics ilikuwa imetambua mahali zilipo jeni mbili mwilini, BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu humweka mwanamke katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari. Kazi ilikuwa ngumu kweli, na kampuni ikapata hataza za jeni hizo. Matokeo yake ni kwamba kipimo kilifanywa na wao tu, na kilifika zaidi ya dola 3,000. Madaktari, watafiti na wagonjwa wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa fupi: jeni hizi zilikuwepo ndani ya miili ya bibi zetu na mabibi wa bibi zetu. Nani alizibuni?

Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa walikubaliana. Jeni iliyotolewa mwilini kama ilivyo haiwezi kuwekewa hataza, kwa sababu ni kazi ya maumbile, hata kama kuitafuta kulikuwa na tabu kubwa. Lakini nakala ya jeni iliyotengenezwa maabara, ambayo vipande fulani vimeondolewa na haipatikani mwilini katika hali hiyo, inaweza. Ya kwanza imegunduliwa, ya pili imetengenezwa. Baada ya hukumu, maabara nyingine zilitangaza kwamba nazo zitatoa kipimo hicho, na kwa bei nafuu. Wanangu, swali la kilikuwepo au hakikuwepo ndilo lililofungua mlango huo.

Nimeliacha la mwisho lile linaloniuma zaidi, kwa sababu discover ina mtego wake pia. Tumesema kinachogunduliwa kilikuwepo, ila hakikujulikana. Hakikujulikana na nani?

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Vitabu vya miaka mingi vimeandika kwamba ndiye aliyeugundua. Sasa pigeni picha ya siku hiyo. Rebmann hakuwa peke yake. Alikuwa na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, aliyeijua njia. Rebmann alipoona weupe unaong'aa juu ya mlima akauliza ni nini, na kiongozi wake akamjibu kwa neno la Kiswahili ambalo Rebmann aliliandika katika kumbukumbu zake: baridi. Na kwenye mabega ya mlima huo walikuwa Wachagga, wakilima migomba, wakichimba mifereji ya kuleta maji mashambani kutoka juu. Watu hao walikuwa hawajaujua mlima?

Sisemi Rebmann hakufanya kitu. Aliwapelekea watu wa Ulaya habari ambayo hawakuwa nayo, kwamba kuna theluji karibu na Ikweta, na kule London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alimbishia kwa miaka mingi bila kuwahi kufika. Kwa hiyo sentensi ya haki ni kwamba Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Ni ndefu kuliko "aligundua Kilimanjaro", lakini ni ya kweli, nayo haimfuti mtu yeyote.

Kuna samaki mmoja anayelieleza jambo hili vizuri kuliko mlima. Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mwangalizi wa jumba dogo la makumbusho, aliitwa bandarini atazame samaki walioletwa na meli ya kuvulia. Chini ya lundo akaona pezi la ajabu. Akamvuta samaki mwenyewe: urefu kama mita moja na nusu, rangi ya buluu yenye madoa meupe, magamba magumu, na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama utadhani ni miguu. Dereva wa teksi hakutaka kumpakia kwa harufu yake, ikabidi abembelezwe. Courtenay-Latimer akamchora, akampelekea mchoro mtaalamu wa samaki, J. L. B. Smith. Smith alipouona hakuamini macho yake. Huyo alikuwa silikanti, wa jamii ya samaki waliojulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na wote waliamini jamii hiyo ilitoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria.

Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100 katika pwani ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 zikapatikana habari kutoka Visiwa vya Komoro. Mvuvi Ahamadi Abdallah wa Nzwani alikuwa amempata. Na hapo ndipo ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro hawakuwa na haja ya kugunduliwa samaki huyu. Walikuwa wakimpata mara mojamoja siku zote, wanajua kina anachokaa, wanajua nyama yake si tamu, na jina wamempa: gombessa.

Basi nani aligundua? Nikifuata swali letu, naona mambo mawili tofauti yaliyokuwepo yakiwa yamefunikwa. Samaki mwenyewe alijulikana na wavuvi, na katika hilo hakuna profesa anayeweza kuwatangulia. Lakini kwamba samaki huyo ni wa ukoo uliodhaniwa umekufa mamilioni ya miaka, hilo wavuvi hawakulijua, wala hawakuwa na mabaki ya mawe ya kumlinganisha naye. Hilo waligundua Courtenay-Latimer na Smith. Discover inataka useme kilichofunuliwa ni kipi hasa, na kimefunuliwa kwa nani. Ukiviweka viwili hivyo katika sentensi, kila mtu anapata haki yake. Tangu mwaka 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanzania pia, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao Tanga.

Jaribuni na nyinyi. Moto? Moto uligunduliwa, maana radi iliuwasha misituni kabla yetu. Kupekecha kijiti juu ya kijiti mpaka moto uwake, kama Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanavyofanya hadi leo, kulibuniwa. Tanzanaiti? Iligunduliwa Mererani, mwaka 1967. Jina lake, ambalo lilitungwa na kampuni ya vito ya Tiffany ili liuzike, lilibuniwa.

Na namba je? Hapo hata wakubwa wamegawanyika. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, wakati mmoja, walikuwapo G. H. Hardy, aliyeamini kwamba mwanahisabati anatazama kitu kilicho nje yake na kutuandikia alichokiona, na Ludwig Wittgenstein, aliyeshikilia kwamba mwanahisabati ni mbuni, si mgunduzi. Chukueni vijiti 7. Jaribuni kuvipanga katika mistari miwili iliyo sawa, au mitatu, au minne. Haiwezekani. Vijiti 12 vinakubali kwa njia kadhaa, 7 havikubali hata kwa moja. Alama tunayoiandika, 7, imebuniwa na watu, na Warumi walikuwa na yao tofauti kabisa. Lakini ukaidi ule wa vijiti haukuamuliwa na mkutano wowote wa wazee, wala hakuna atakayeupindua kwa kura. Mimi niko upande wa Hardy. Anayeona Wittgenstein ana haki, na alete hoja yake, tutakaa tumsikilize.